Mafundi wa Giza

Projekta haijui kutoa rangi nyeusi. Nyeupe inatoa, nyekundu inatoa, kijani na buluu pia, lakini panapotakiwa weusi inachofanya ni kutorusha kitu. Weusi wa koti la mwigizaji au wa kichochoro cha usiku ni ukuta wenyewe, ulioachwa bila kuangazwa. Ukuta huo ukifikiwa na mwanga wa dirishani, weusi unageuka kijivu, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayourudisha. Ndiyo maana namhesabu fundi wa kuziba mwanga kuwa fundi mkuu wa chumba cha sinema, hata kama sifa zote anapewa aliyeuza projekta.

Hesabu yenyewe haina huruma. Jua la adhuhuri lisilo na wingu humwaga nje laksi 100,000 hivi, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Projekta inayorusha mwanga wa lumeni 2,000 za kweli, si zile za kuandikwa kwenye katoni, ikitandaza picha ya inchi 100, inaupa ukuta laksi 700 hivi, tena pale tu picha ikiwa nyeupe tupu. Tukio la usiku ndani ya filamu laweza kuwa sehemu moja kwa mia ya hapo, yaani laksi 7. Sebule yenye pazia la kawaida ina mwanga mara nyingi zaidi ya huo saa nane mchana. Kwa hiyo mtu wa Skuta anayetaka kutazama sinema Jumapili baada ya kanisa anatakiwa aziache nje laksi zote hizo elfu mia, asikubali hata tano zipenye.

Na Skuta, hapa pembeni mwa mji wa Nyeri, ina nyumba za kila namna: za mawe ya kuchonga zenye madirisha ya chuma, ghorofa za kupangisha, na zile za zamani za mbao na mabati. Kila moja huvuja kwa njia yake. Isitoshe, tuko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta. Washauri wa Ulaya humwambia mtu achague chumba cha upande usiopigwa na jua. Huku upande huo haupo. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huegemea kaskazini, miezi iliyobaki huegemea kusini. Asubuhi linachomoza upande wa Mlima Kenya na jioni linazama nyuma ya safu ya Nyandarua. Kila ukuta una zamu yake. Kisha inaingia gathano, ile baridi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanatanda na mwanga unakosa upande. Hauna miale ya kufuatwa kwa kidole, na fundi mchanga hudhani chumba kimezibika. Fundi aliyekomaa hakabidhi kazi aliyoipima siku ya mawingu.

Utaalamu huu haukuanzia kwa wenye nafasi. Ulianzia kwenye vibanda vya video, vile vilivyojaa katika miji ya mlimani kabla ya kila mtu kuwa na simu ya kutazamia. Mwenye kibanda alihitaji wateja wa mchana, na mchana ndio uliokuwa adui wake. Alipigilia nailoni nyeusi kwenye mabanzi kwa misumari iliyopitishwa katika vizibo vya soda ili isichanike, akatundika gunia mlangoni, akapanga mabenchi mbele ya runinga moja yenye kisogo kirefu. Mwanga bado ulipenya, lakini kibanda kilikuwa na mwokozi: sauti ya DJ Afro akiisimulia filamu kwa Kiswahili cha mtaani, akitania na kutabiri nani atapigwa. Usipoona vizuri, ulisikia. Chumba cha nyumbani hakina msimulizi wa kukufichia kasoro.

Fundi niliyemtazama akifanya kazi Skuta ni mtu wa makamo, kazi yake ya asili ni kuezeka. Hakuanza na ngazi wala nyundo. Alitoa chaki mfukoni, akafunga mlango, akaomba kila kitu kizimwe, akaketi sakafuni. Baada ya muda mwenye nyumba akawasha simu kutazama saa.

“Zima hiyo, mama. Umenirudisha mwanzo.”

Hakuwa akijidai. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza barabara, na mwanga wa simu ukilipiga linaanza upya. Tundu ambalo dakika ya pili halionekani, dakika ya ishirini linawaka. Ndipo anapoinuka na kuzunguka polepole akiweka alama: chini ya mlango, tundu la ufunguo, pembe ya fremu ambako chokaa imeachana na chuma, mstari mwembamba juu ya ukuta pale mawimbi ya mabati yanapolalia mbao. Mahali hapo pa mwisho ndipo wengi hushindwa. Wanasukumia magazeti na matambara, na mwezi wa pili panya wameyatoa. Yeye alichukua kipande cha ubao, akakilaza chini ya bati, akachora mawimbi kwa penseli, akakata kwa msumeno mwembamba, kisha akapiga randa na kujaribu, akatoa, akapunguza kidogo, akajaribu tena. Kilipokaa, kilikaa kwa kubanwa tu. Msumari aliupiga baadaye kwa heshima.

Matundu ya misumari ya zamani paani ni hadithi nyingine. Tundu la milimita 3 laonekana si kitu, lakini lala kitandani mchana katika chumba cha mabati utazame: juu ya sakafu kuna doa la mwanga, nalo ni duara safi, hata kama tundu lenyewe limechanika pembe tatu. Ni kwa sababu doa lile ni picha ya jua. Kutoka paa la mita mbili na nusu linakuja na ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965 na kufanya kazi zake kubwa Kairo, aliandika risala nzima juu ya sura ya jua lililopatwa kama inavyoonekana kupitia tundu dogo. Tarehe 3 Novemba 2013, kupatwa kwa jua kulipopita Turkana jioni, penye tundu lililotazama magharibi na anga safi doa hilo lilikuwa la umbo la mwezi mchanga. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba chumba chenye giza na tundu kilikuwa sinema kabla ya sinema. Shida ni kwamba filamu yake ni moja tu, na inatembea juu ya ile uliyolipia. Fundi huziba kwa lami na kiraka cha kitambaa kutoka juu, si gundi kutoka ndani, kwa kuwa mvua ya Aprili haina habari na gundi.

Kutoka kwa mwezekaji kazi inaenda kwa mshonaji, na hapa ndipo ninapovua kofia kabisa. Kitambaa kizito si lazima kiwe kinazuia mwanga. Mahameli nene yaweza kupenywa, na kitambaa chepesi chenye mgongo wa mpira kisipenywe. Mshonaji mzoefu hapapasi tu. Huweka tochi ya simu nyuma ya kitambaa na kutazama. Kile kizuri huwa na tabaka jeusi lililofichwa kati ya mawili meupe, na marobota ya mitumba mara nyingine huleta mapazia ya namna hiyo, yaliyoshonwa vizuri kuliko mapya ya dukani. Ukiyapata, nunua kwanza, kisha uulize ukubwa wa dirisha.

Tatizo ni kwamba kila mchomo wa sindano katika mgongo ule wa mpira ni tundu. Pazia likishonwa kama gauni, kwa mishono ya karibu karibu, ukilitundika mbele ya jua unaona nyota zimepangwa mstari kutoka juu hadi chini. Mama mmoja mwenye cherehani ya miguu alinionyesha anavyokwepa hilo. Anatumia sindano nyembamba, anarefusha mshono, na hapasui pazia katikati. Upana usipotosha, anaunganisha vipande viwili ukingoni, kisha anaulaza juu ya maungio ukanda wa kitambaa kilekile na kuubandika kwa gundi. Pindo la chini analitia kwa mkono, akishika nyuzi tu za bitana, yaani hicho kitambaa chenye mpira, bila kuugusa mpira wenyewe. Bitana na kitambaa cha mbele vinaning'inia kila kimoja kivyake kutoka kwenye marinda, ili mikunjo ianguke vizuri. Ukilitazama kutoka sebuleni ni pazia zuri la rangi ya kahawa. Hakuna anayejua kuna kazi ya siku nzima ndani yake.

Na pazia hilo lote ni bure kama reli imepigiliwa juu ya fremu tu. Mwanga hutoka kwa juu, ukagonga dari, ukashuka. Kwa hiyo seremala hutengeneza kisanduku cha mbao kinachofunika reli kutoka juu na mbele, na reli yenyewe hukunjwa pembeni mpaka igote ukutani. Pazia hupita fremu kwa sentimita 20 kila upande na kufika sakafuni. Mapazia mawili yanapokutana hayagusani ncha kwa ncha, yanapandana.

Baada ya hapo huja swali ambalo fundi mbaya halijibu: hewa itapita wapi? Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na jambo la kwanza linalomjia mwenye chumba ni kuyaziba. Huku kwetu hilo ni jambo la kufa na kupona. Usiku wa Julai watu huingiza jiko la makaa chumbani, na hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Chumba kilichozibwa mwanga na hewa pamoja, chenye jiko katikati na familia imezubaa mbele ya filamu ya saa mbili na nusu, ni mtego. Jiko lisiingie humo hata dakika moja, na matundu yaachwe wazi.

Lakini yaachwe vipi bila kuvuja? Fundi wa Skuta alitegemea jambo rahisi: mwanga huenda moja kwa moja, hewa hukata kona. Alitengeneza kijisanduku cha plaiwudi, akakiweka mbele ya tundu, ndani akatia vibao viwili vilivyopishana ili njia ijipinde mara mbili, akapaka ndani yote rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya namna hiyo hurudisha kama asilimia 5 tu ya mwanga unaoigonga. Kona ya kwanza inabaki asilimia 5, ya pili inabaki robo ya asilimia moja. Weka mkono pale usikie ubaridi wa nje ukiingia, tazama na hutaona kitu. Katika kazi yote, hicho kijisanduku ndicho ninachokisifu zaidi.

Rangi ya kuta nitaipitia haraka, maana haina siri. Rangi nyeupe hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga, hivyo picha yenyewe huangaza chumba na chumba hurudi kuiharibu picha. Dari na kuta zilizo karibu na skrini zipakwe rangi nzito isiyong'aa. Nyuma ya watazamaji si muhimu sana. Taa ndogo za dekoda na sabufa, hasa ile ya buluu, hufunikwa kwa kipande cha tepu nyeusi ya umeme. Mwenye runinga badala ya projekta asijisumbue hivi: runinga gizani kabisa huchosha macho, na taa ndogo nyuma yake inamfaa.

Siku ya kukabidhi, fundi aliomba iwekwe filamu yenye usiku mwingi. Waliweka Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, saa saba mchana, jua likichoma nje. Alisimama nyuma ya viti na mgongo kwa skrini, akikagua kuta na dari. Aliona mstari mmoja chini ya mlango, akaweka chaki, akaahidi kurudi na ukanda wa raba. Alirudi.

Ukimhitaji mtu kama huyo, mwite siku ya jua kali, kabla hujalipia projekta. Mpe chai, zima simu, mwache akae gizani, na muda huo pia umlipe.