Ukumbi Wenye Ufunguo

Parokia kongwe ikipata fedha kidogo, mara nyingi jambo la kwanza kufikiriwa ni ukumbi. Sisemi ni kosa. Kanisa la enzi za babu haliwezi kuwabeba waumini wa leo, na kwaya, jumuiya ndogondogo na akina mama wa WAWATA hawana budi kupata mahali pa kukaa. Ninacholalamikia ni namna kumbi hizi zinavyojengwa: kuta nne za matofali ya saruji, bati juu, mlango wa chuma, na ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja.

Mimi ni mtu wa Sudi, nimelelewa barazani. Baraza haina mlango. Mtu hupita, hutoa salamu, huketi, na hakuna amwulizaye dini yake wala stakabadhi. Kwa jicho hilo nautazama ua wa misheni ya Bagamoyo, ulio mkongwe kuliko zote za Kikatoliki Tanzania Bara.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868. Kanisa la kwanza likajengwa 1872, nyumba ya masista 1876 (leo ndiyo makumbusho), na kanisa kubwa likakamilika 1914. Basi ua huo haukuacha kupanuliwa, na waliotutangulia hawakuogopa kuongeza. Lakini nyumba ya mapadre waliizungushia veranda, na njia ya kuingilia wakaipanda miembe. Mgeni hupata kivuli kabla hajafika mlangoni. Hapo ndipo wajenzi wa sasa wanaposhindwa.

Februari 1874 akina Chuma na Susi walifika hapo na mwili wa Livingstone, baada ya safari ya miezi mingi kutoka bara. Chuma alikuwa Myao, na Wayao sisi wa pwani ya Lindi tunawajua tangu zama za misafara. Marehemu alikuwa Mprotestanti wa Skotilandi. Waliompokea ni Wakatoliki kutoka Ufaransa. Alilazwa katika lile kanisa dogo, ambalo leo umebaki mnara wake tu. Sijui ukumbi wowote wa parokia uliowahi kukusanya watu wa asili mbalimbali namna hiyo.

Nisiusifu ua huo kupita kiasi. Watumwa waliokombolewa walikaa hapo katika kijiji walichoita cha uhuru, nao waliamka kwa kengele, wakafanya kazi kwa kengele. Kukusanya watu na kuwapa mahali pao ni mambo mawili. Ukumbi wa kukodisha kwa harusi za wenye nacho nao hukusanya watu.

Novemba 2018, Jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji ilipohitimishwa Bagamoyo, umati ule usingeenea katika ukumbi wowote. Kwa siku kama hizo uwanja hutosha. Ukumbi ujengwe kwa ajili ya Jumanne ya kawaida: paa juu ya nguzo, pande zote wazi, ukuta mfupi wa kukalia kuuzunguka, na uso wake uelekee barabarani, ili jirani Mwislamu, na katika mji ule ndiye jirani wa kawaida, aweze kuingia bila kubisha hodi. Mwembe usikatwe kupisha jukwaa. Na fedha zikipungua, jukwaa lisubiri; choo na bomba la maji vitangulie.