Sifa za Mchagua Shokapu

Gari lililoshushwa linapendeza ukilitazama ubavuni. Tairi limejaa kwenye upinde wa bodi, bampa imelala karibu na lami, na mwenye gari amesimama pembeni akijifanya anaongea na simu. Mimi humtazama zaidi yule anayechuchumaa na kuchungulia nyuma ya tairi. Anatafuta jambo ambalo picha hailitoi: nafasi iliyobaki. Springi fupi hushusha gari mara moja, na aliyeifunga huondoka na pesa yake. Anayebaki na kazi ni shokapu, na kuichagua vizuri ni ufundi ambao hatuusifu vya kutosha.

Chukua Subaru Impreza, kipenzi cha vijana wengi wa Nairobi. Miguu yake ya mbele ni ya muundo wa MacPherson, yaani shokapu na springi vimevaana, na vyote pamoja vinashikilia tairi lisimame. Ford ya Uingereza iliingiza muundo huo kwenye Consul ya 1950, na leo uko kwenye magari madogo mengi. Kwa kuwa shokapu imekaa karibu sana na tairi, tairi likipanda sentimita 1, rodi nayo huzama karibu sentimita 1. Ukishusha gari hilo sentimita 4, basi umeshakula sentimita 4 za njia ya rodi kabla hujawasha injini. Abiria hawajapanda bado, wala mizigo ya sikukuu.

Ukiacha shokapu za kiwandani hapo, rodi hufika chini mapema na kukutana na ile raba ya kuzuia isigonge. Hapo gari linaruka kama mbuzi, na dereva analalamika kwamba shokapu ni ngumu. Ngumu wapi! Shokapu haijapewa nafasi ya kufanya kazi; watu wamekalia raba. Upande wa pili kuna tatizo lisiloonekana mpaka gari lipigwe jeki: shokapu ni ndefu, springi ni fupi, kwa hiyo tairi likining'inia springi inalegea na kucheza kwenye sahani yake. Ndiyo maana watengenezaji wa shokapu Bilstein wana B6 kwa gari lenye urefu wa kiwandani, na B8, iliyofupishwa, kwa gari lililoshushwa. Mchaguzi anayejua kazi hukuuliza urefu wa springi kwanza. Rangi ya shokapu haimhusu.

Halafu kuna ugumu. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mmoja kwa gurainda, haifupiki tu. Inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. (Siipendi kazi hiyo ya gurainda, maana ncha iliyokatwa mara nyingi haikai sawa kwenye sahani. Lakini inafanyika kila siku.) Springi ngumu ikibanwa huweka nguvu nyingi zaidi, na inataka kuirudisha yote kwa pupa. Kazi ya shokapu ni kuituliza: pistoni inasukuma oili kwenye vitundu vyembamba, na nguvu ile inageuka joto. Lakini kwa springi hiyo, shokapu inahitaji kuongezewa ukali kama asilimia 10 tu. Kumi! Wengi hununua yenye ukali mara mbili.

Hapo ndipo kipaji kinapoonekana. Shokapu ya njano ya kampuni ya Koni ina sehemu ya kuzungusha inayobadilisha nguvu ya kurudi, na mnunuzi akishalipa hutaka kuizungusha mpaka mwisho ili ahisi pesa yake. Mpeleke sasa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Rodi imezama, inarudi taratibu mno, na kabla haijafika juu wimbi la pili limeshaingia, kisha la tatu. Gari linazidi kuchuchumaa lenyewe mpaka linafika kwenye raba ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Fundi mwenye sikio hurudisha nyuma robo mzunguko, anapita tena, anarudisha kidogo zaidi, kisha anaacha.

Kwenye shokapu zilizotumika kutoka Japani ufundi huu uko mikononi. Ile ya mirija miwili ikilala rafuni muda mrefu, hewa huingia kwenye chumba cha oili. Ukiibonyeza hivyo hivyo inashuka bila ubishi, na asiyejua ataitupa. Anayejua huisimamisha wima, anaibonyeza na kuivuta mara kadhaa mpaka ule utupu wa mwanzoni uishe, ndipo anapohukumu. Kisha hupitisha kidole kuzunguka shingo ya rodi akitafuta oili, na ukucha juu ya kromu akitafuta mkwaruzo utakaokula sili.

Baada ya kufunga, kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Unafunga mkanda mwembamba wa plastiki, wa kubania nyaya, kwenye rodi na kuusukuma hadi chini. Unaendesha njia zako za kawaida, na watu wako wa kawaida ndani. Ukirudi, mkanda umesukumwa juu na kusimama pale ambapo shokapu ilizama zaidi. Ukiukuta umebanwa kwenye raba, mchaguzi mzuri hatakuuzia shokapu kali zaidi. Atakwambia upandishe gari sentimita 2. Utachukia, maana picha itaharibika, naye atakuwa ameshainama kwenye mguu wa pili kutazama mkanda wake umefika wapi.