Jino la utoto na mkono wa mzee

Mwaka 2003, Songtao Shi na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba jino la utoto lililong'oka lina seli shina zilizo hai. Walichukua meno ya mbele, wakatoa nyama laini iliyobaki ndani, wakaiyeyusha kwa vimeng'enya mpaka seli zikaachana, kisha wakazilea maabara. Kila jino lilitoa seli 12 hadi 20 tu zenye uwezo wa kujenga makundi mapya, lakini hizo chache zilizaana upesi.

Seli hizo zikajaribiwa dhidi ya Parkinson, ugonjwa unaoua seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini. Mwaka 2010 watafiti, Shi akiwemo, walipandikiza seli za meno ya utoto kwenye ubongo wa panya walioharibiwa upande mmoja kwa sumu. Panya wa namna hiyo akichomwa dawa ya apomofini huzunguka palepale, na mizunguko yake huhesabiwa. Waliopandikizwa walizunguka mara chache kuliko wasiopandikizwa.

Nafuu hiyo isisomwe kama uponyaji. Sumu huua seli kwa siku chache. Parkinson humla mtu kwa miaka. Tena seli za meno hutoa kemikali zinazolinda neva zilizobaki, kwa hiyo panya kutulia hakuthibitishi kwamba neva mpya zimeota. Majaribio mawili ya kupandikiza seli kwa binadamu yaliyochapishwa Aprili 2025, la Kyoto lenye wagonjwa 7 na la Marekani na Kanada lenye wagonjwa 12, hayakutumia meno kabisa. Mzazi wa Kinondoni, Dar es Salaam, akishawishiwa kulipia uhifadhi wa jino la mwanawe ili lije kumtibu babu, pesa hiyo aiweke.

Babu mwenyewe huenda hajapimwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulifikia eneo lenye watu 161,071 ukapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mbagala au Tandale pia utasikia: uzee huo. Mtazame vizuri. Mkono unatetemeka ukiwa umelala pajani, unatulia akinyoosha kushika kikombe. Hatua zimefupika, mkono mmoja haupungi akitembea. Huyo aanzie hospitali ya Temeke au Mwananyamala, aombe rufaa kwa daktari wa neva Muhimbili. Akiandikiwa levodopa, dawa ya Parkinson, aimeze kwa saa zilezile kila siku, nusu saa hivi kabla ya nyama au maharage, kwa kuwa protini huizuia isifyonzwe vizuri.