Sala Iliyogeuzwa Tarehe

Mitungi miwili ya buluu na nyeupe iliyomo British Museum, London, ina kimo cha sentimita 63 na ushei. Wajuzi huiita mitungi ya David, kwa jina la Sir Percival David, mkusanyaji aliyeinunua katika karne ya 20. Lakini aliyeitoa ni Zhang Wenjin, na jina lake limeandikwa kwenye shingo za mitungi yenyewe. Nadhani tunaanza kuisoma vibaya hapo, kwenye jina.

Maandishi yanasema kwamba mwaka wa 11 wa enzi ya Zhizheng, yaani 1351, Zhang alilitolea hekalu la Kitao chetezo kimoja na mitungi miwili. Aliomba jamaa yake yote ilindwe na watoto wake, wa kiume na wa kike, wapate amani. Chetezo kimepotea.

R. L. Hobson aliitangaza mitungi hii mwaka 1929, wakati wajuzi wengi walikuwa hawajaamini kwamba China ya enzi ya Yuan ilikuwa na ufundi wa buluu uliokomaa hivi. Katika miaka ya 1950, Mmarekani John Alexander Pope alilinganisha mapambo yake na ya vyombo vilivyohifadhiwa Topkapı, Istanbul, na vilivyotoka Ardabil, Iran, akatambua kundi zima la kazi za karne ya 14. Faida hiyo ni kubwa, na siibezi. Ila tangu hapo mitungi imekuwa kama rula: kila mtu anaishika ili apime kitu kingine.

Tuitazame yenyewe. Pambo limepangwa kwa mikanda, kutoka chini kwenda juu. Baada ya maua ya peoni yanakuja mawimbi. Juu ya mawimbi joka limejinyonga kuuzunguka mwili wa mtungi. Kwenye bega maua ya yungiyungi. Shingoni ndege finiksi kati ya mawingu. Halafu majani ya mgomba yaliyosimama wima. Macho yanatoka majini yanapanda angani. Na sala imeandikwa huko juu, katikati ya majani ya mgomba. Mimi nayasoma maandishi hayo kuwa sehemu ya pambo: ndiyo mwisho wa safari ambayo joka na finiksi wameianza.

Hata namna ya kuchora inaunga mkono usomaji huu. Mafundi wa Jingdezhen walichora kwa kobalti, iliyoagizwa kutoka Uajemi, juu ya udongo ambao haujachomwa. Udongo huo hunywa rangi papo hapo, kwa hiyo mkono ukikosea hakuna kufuta. Kisha chombo hupakwa maji ya kioo na kutiwa tanurini. Joka na jina la Zhang vilipita katika moto mmoja.

Sisi wa Pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hali hii. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, wazee wetu walipachika mabakuli ya Kichina ukutani, yawapambe marehemu wao. Wanaakiolojia walipofika, mabakuli yaliwasaidia kukadiria umri wa makaburi. Mengi yamebanduliwa, zimebaki alama za duara kwenye chokaa. Bakuli likitajwa leo, swali la kwanza ni la karne gani. Nani alizikwa pale, na nani alimlilia, huulizwa baadaye, kama likiulizwa.

Tarehe ibaki, tunaihitaji. Lakini Zhang aliandika mwaka ili sala yake ijulikane ni ya lini, na sisi tumechukua mwaka tukaiacha sala. Ningependa mitungi hii iitwe kwa jina lake, na maelezo yaanze na watoto aliowaombea.