Utunzi wa Mshumaa wa Seramiki

Mshumaa wa seramiki unaosafisha gesi ya moto ni bomba la kabidi ya silikoni, lenye kipenyo cha milimita 60 hivi na urefu wa mita moja na nusu, lililozibwa chini na kupewa shingo pana juu ili lining'inie kwenye bamba la chuma. Jicho la haraka litasifu vinyweleo vyake. Ukuta wenyewe, ukikaguliwa kwa utulivu, una matabaka mawili yasiyolingana: la ndani, nene, la chembe kubwa, hubeba uzito na kuipitisha gesi bila ukaidi; la nje, utando mwembamba wa chembe laini, hulizuia vumbi lisizame ukutani. Vumbi lililozuiwa hujilaza juu ya utando, hugeuka ukoko, na ukoko huo ndio unaochuja vumbi linalofuata. Fundi, kwa ujasiri ninaouhusudu, amemwachia mchafuzi sehemu kubwa ya utunzi.

Ukoko ukinenepa mno, gesi hupita kwa taabu. Ndipo naitrojeni au hewa iliyoshindiliwa hupulizwa kutoka ndani, kwa muda usiotimia sekunde, ikaubandua. Kipimo cha mpigo huu ni kigumu, kwa sababu ukiwa dhaifu hauuangushi ukoko, na ukizidi ukali huuacha utando uchi mbele ya vumbi jipya.

Huko Tidd, Ohio, mishumaa 384 ilijaribiwa kati ya 1992 na 1995 katika mtambo wa kuchoma makaa ya mawe chini ya shinikizo. Saikloni, chombo cha kutenga vumbi kwa kuizungusha gesi, ilitangulia chujio na ilikuwa ikiondoa jivu la chembe kubwa, na lililobaki, laini na lenye kunata, likajenga madaraja baina ya mishumaa hadi mingine ikapinda na kuvunjika. Dawa ilikuwa kuipita saikloni: jivu la chembe kubwa lilipoachiwa liingie, ukoko ukawa mwepesi kubanduka. Ukoko, kumbe, hudai malighafi bora kama ukuta wenyewe.

Kasoro nyingine haikuponyeka kwa hila hiyo. Udongo unaoshikanisha chembe za kabidi hulegea polepole katika joto kali, na baadhi ya mishumaa ilirefuka ikiwa imening'inia. Hii ndiyo ninayoihesabu kuwa kasoro ya utunzi hasa, kwani madaraja yaliletwa na jivu, ilhali ulegevu ulikuwemo tangu mshumaa ulipochomwa tanurini.