Sauti Inavyokufa: Kuupima Muziki wa Mafaili Nyumbani

Chukua rekodi yoyote ya taarab yenye ganuni. Subiri mahali ambapo fidla zimenyamaza na mpigaji anadonoa uzi mmoja wa juu. Mdonoo wenyewe hata spika ya simu itautoa. Kazi iko kwenye kinachofuata: uzi unaendelea kulia, unapungua, unakonda, mpaka unapotelea chini ya pumzi za waimbaji. Mimi huuita mkia wa sauti. Nimepanga na kupangua vyombo sebuleni kwa miaka mingi, na msimamo wangu umebaki mmoja: mfumo mzima, kuanzia faili mpaka ukuta ulio nyuma ya kiti chako, unapimwa kwenye mkia huo. Kishindo cha besi kinapatikana Kariakoo kwa bei ya kupatana. Mkia haununuliki hivyo. Unalindwa usipotee njiani.

Tuanze na faili, kwa sababu kilichopotea humo hakirudi tena. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Vipimo hivyo vinabeba sauti nyembamba hadi karibu Hz 22,000, ilhali sikio la kijana mzima linakomea kama Hz 20,000, na letu sisi tuliokula chumvi linakomea chini ya hapo. Biti 16 nazo zinaacha nafasi ya takribani desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya. Kwa muziki wetu hilo linatosha na kubaki. Anayekushawishi ununue dansi la miaka ya sabini katika biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde anakuuzia chumba kikubwa cha kuwekea kigoda kimoja. Biti 24 zina maana kwa anayerekodi, maana zinamwachia nafasi asipokisia vizuri kiwango cha sauti.

Shida ya sauti ya CD ni uzito: dakika moja ni kama MB 10. Ndipo MP3 ilipoingia, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani. Programu ya MP3 hukadiria ni sauti zipi sikio halitazisikia kwa kuwa zimefunikwa na kubwa zaidi, kisha inazitupa. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde inatupa kwa adabu, na wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD. Kwa kilobiti 128 inakata hadi nyama. Karibu kila kilicho juu ya Hz 16,000 kinaondoka, na mikia inaharibika kwanza: matoazi yanalia kama yamechovywa kwenye ndoo ya maji, vigelegele na makofi vinageuka mchakacho mmoja. Sikiliza makofi ya watu. Ukiweza kusikia viganja tofauti, faili lina afya.

FLAC, ambayo Josh Coalson alitoa toleo lake kamili la kwanza mwaka 2001, hubana bila kutupa. Ni kama kukunja kanzu sandukuni. Ukiikunjua ni ile ile, pindo kwa pindo. MP3 ni kanzu iliyopunguzwa ili iingie. Faili la FLAC huwa zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa CD, na kama rekodi ni ya mono, pande zote mbili zikiwa sawasawa, uzito unashuka tena karibu nusu, kwa sababu programu haiandiki jambo lile lile mara mbili. Rekodi zetu nyingi za zamani ni mono, kwa hiyo diski ya nje ya TB 1 itakaa nawe muda mrefu.

Lakini jina FLAC mwishoni mwa faili si kiapo. Niliwahi kujaziwa flashi kibandani, nyimbo zaidi ya mia nne, zote za FLAC. Nilipozisikiliza, matoazi yote yalikuwa ndani ya ndoo. Mtu alikuwa amechukua MP3 dhaifu na kuzigeuza, jambo linaloongeza uzito wa faili na lisilorudisha hata chembe ya kilichotupwa. Kuna programu ya bure iitwayo Spek ambayo huchora picha ya wimbo mzima, sauti nene chini na nyembamba juu. Faili lililopitia MP3 ya kilobiti 128 huonyesha rangi iliyokatwa kama kwa wembe kwenye Hz 16,000.

Hapa wengi wanajikwaa. Wanaona muziki wa kanda ya zamani haufiki juu sana, wanalitupa faili. Kanda ya zamani haikubeba sana sauti nyembamba, na santuri za gramafoni kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zilibeba chache zaidi. Usitazame muziki unafika wapi, tazama unavyoishia. Kanda ina mvumo wake, ule wa shhh usiokoma, nao hufifia pole pole kwenda juu kama moshi. Ukiona moshi umekatwa mstari mnyoofu, kuna mkono wa mtu.

Na mvumo huo usiuogope. Kosa linaloniumiza kuliko yote ni la wanaosafisha rekodi za zamani kwa kompyuta mpaka kimya kati ya noti kinakuwa cheusi tii. Programu ya kusafisha haijui tofauti ya mvumo wa kanda na mwisho wa uzi wa udi, maana vyote viwili ni sauti ndogo. Inafyeka vyote. Unabaki na udi unaokatika ghafla, kana kwamba mpigaji kaweka kiganja juu ya nyuzi. Nikipewa nakala mbili, moja yenye mvumo na moja iliyosafishwa, nachukua yenye mvumo bila kufikiri mara mbili.

Ukilijua chimbuko la faili utajua utegemee nini. Dansi jingi la Tanzania lilirekodiwa kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi, si kwetu, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kukufikia kwa njia tatu: kanda ya redio, santuri ndogo ya Nairobi, au kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Santuri ndogo utaitambua kwa mchakacho wa sindano, na kwa wimbo kukatwa katikati, upande wa kwanza ukififia pale chemko, sehemu ya kuchezea, linapotaka kuanza. Wapo wanaounganisha pande hizo mbili. Sikiliza kama tumba zinapoteza hatua kwenye kiungo. Kaseti ya kunakiliwa inajifichua kwa mwendo. Mashine ikienda mbio kidogo, sauti nzito ya Mbaraka Mwinshehe inakuwa nyembamba na yenye haraka, na gitaa linaketi kati ya ufunguo na ufunguo, mahali ambapo hakuna mpiga gitaa anayetega nyuzi zake. Kasoro hiyo, tofauti na ya MP3, inarekebishika: programu ya Audacity hubadili mwendo wa rekodi kwa asilimia utakayo.

Ukinunua CD zenyewe, na mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa unastahili kila senti, zihamishe mwenyewe kwa programu inayosoma kwa uangalifu na kurudia pale diski ilipochubuka. Exact Audio Copy ya Windows hufanya hivyo, tena hulinganisha matokeo na ya watu wengine waliohamisha diski ile ile. Kisha andika majina vizuri. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz imepita JUWATA na OTTU mpaka Msondo Ngoma. Iandike kwa jina iliyokuwa nalo siku ya kurekodi, na umwandike mwimbaji pia. Muhidin Gurumo yumo NUTA, yumo Mlimani Park, yumo Safari Sound. Bila jina lake kwenye faili hutaweza kumfuata bendi kwa bendi, na kumfuata hivyo ni starehe ya peke yake.

Chombo cha kuchezea nisikuchoshe nacho. Laptopu ya zamani inafaa. Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kadi kilichotoka mwaka 2012, kinafaa zaidi kwa sababu hakina feni ya kuvuma, na kwa programu ya Volumio au moOde unachagua nyimbo kwa simu ukiwa umekaa. Tundu la hedifoni, kwa matoleo yaliyo nalo, usilitumie. Chomeka kwenye USB kigeuzi cha nje, kile mafundi wanachokiita DAC, kazi yake ikiwa kugeuza namba kuwa umeme wa sauti. Cha bei ya chini kilichotengenezwa kwa uaminifu kitakaribia sana cha bei ya pikipiki, na fedha inayobaki ina kazi kubwa zaidi kwenye spika. Bluetooth ni ya jikoni wakati wa kupika. Nayo hutupa sehemu ya sauti kabla ya kuirusha, kwa hiyo FLAC yako inafika kwenye spika ikiwa imepunguzwa.

Umeme ndio adui wa huku kwetu. Ukikatika wakati kikompyuta kinaandika, kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, basi muziki wenyewe uweke kwenye diski ya nje na nakala ya pili iwe nyumba nyingine. Ukisikia mlio kama wa nzi kwenye spika, chomoa chaja ya laptopu iende kwa betri. Mlio ukitoweka, vyombo vyako vinagombania ethi. Viunganishe vyote kwenye soketi moja. Na wewe unayeishi karibu na bahari, chomoa plagi za waya wa sauti mara kwa mara na uzifute kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya hewa huzila taratibu, na dalili ya kwanza ni upande mmoja kupungua nguvu.

Sasa spika, na hapa nitamgusa mwenye sabufa. Sabufa ya dukani, boksi moja kubwa la besi na vispika viwili vidogo, imetengenezwa ili ikuvutie ukiwa umesimama mlangoni pa duka. Kati ya boksi na vispika vile kuna pengo, na pengo hilo huangukia sehemu ya chini ya sauti ya binadamu, mahali anapokaa mwimbaji. Besi nayo haina mkia, ina mgugumo. Noti ya kwanza haijafa ya pili imeingia. Pima spika kwa gitaa la besi la Mlimani Park, lile linalotembea na kusitasita kabla ya kupiga. Kama unaweza kuimba mstari wake baada ya kuusikia mara moja, spika ni nzuri. Kama umesikia kishindo tu, iache. Spika mbili za kawaida zilizotumika, zenye wufa ya inchi 6 hivi na twita nzima, pamoja na amplifaya ya zamani isiyovuma, zitaishinda sabufa mpya ya bei hiyo hiyo.

Ziondoe ukutani, hata nusu mita inasaidia, na zisikae kabisa kwenye pembe, kwa sababu kila ukuta ulio karibu huongeza besi usiyoiomba. Ziinue kwenye stuli mpaka twita iwe sawa na sikio lako ukiwa umeketi. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwako.

Halafu simama katikati ya chumba upige kofi moja. Nyumba zetu ni saruji, vigae na vioo vya alumini, na kofi litakujibu kwa mlio wa haraka kama chuma kinachotetema. Mlio huo unakaa juu ya kila mkia wa kila noti. Zulia zito sakafuni kati yako na spika, mapazia ya kitambaa kizito, na kabati la vitabu lililojaa bila mpangilio vitauvunja. Mkeka peke yake hautoshi, ni mwembamba mno. Nimeona watu wakibadilisha amplifaya mara tatu huku ukuta mtupu ulio nyuma yao ukiwacheka.

Mono ndiyo kipimo cha kumalizia. Weka rekodi ya zamani ya redio, kaa kwenye kiti chako, fumba macho. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa, hewani, mahali pasipo na spika. Akivutwa upande mmoja, spika moja iko karibu zaidi au ukuta mmoja ni mtupu zaidi. Akitawanyika chumba kizima asijulikane alipo, na besi ikawa imeyeyuka, umegeuza waya mwekundu na mweusi kwenye spika moja. Rekebisha, rudi kitini. Siku mwimbaji atakapokaa mahali pake utajua bila kuambiwa.

Fanya kipimo hiki usiku, feni ikiwa imezimwa kwa dakika chache hata kama ni joto. Usizime wimbo waimbaji wanapomaliza. Faili lililohamishwa na mtu mwenye heshima halikatwi pale pale: ganuni inamaliza kulia, unabaki mvumo wa kanda peke yake kwa sekunde mbili tatu, pengine kiti kinasogezwa studioni, kisha mvumo nao unakatika pale fundi mitambo alipoisimamisha mashine.