Maktaba kwa Jina la Mwanahistoria wa Wajenzi

Mwanahistoria anapofariki, njia moja ya kumuenzi ni kuipa maktaba jina lake. Hatuna pingamizi na desturi hiyo, ila twauliza: rafuni mtakuwa na nini? Tuchukue mfano wa Peter Garlake, aliyefariki mwaka 2011. Kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya majengo ya kale ya Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki kilipima misikiti na nyumba, ukuta kwa ukuta. Mwanafunzi aliyewahi kufika Kilwa Kisiwani atafahamu humo kwamba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kwamba nakshi za mihrabu zilichongwa katika matumbawe yaliyotolewa baharini yangali mororo. Kumheshimu fundi ni kuieleza kazi yake. Tena Garlake huyo aliondoka Rhodesia mwaka 1970, kwa kuwa hakukubali kuficha kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika.

Hata hivyo aliandika juu ya mawe. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulifunua chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Wajenzi hao hawamo katika michoro ya Garlake. Basi maktaba yenye jina lake na iweke kando ya kitabu chake kile cha Horton cha mwaka 1996, na vyote viwili, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, vifafanuliwe darasani kwa Kiswahili.